Pikapu ya dizeli iliyotembea sana: dalili za kusoma Malindi kabla ya kutoa pesa

Ukisikia pikapu inauzwa hapa Malindi na mita inasoma kilomita 340,000, usiikimbie kwa ajili ya namba hiyo peke yake. Injini za dizeli za Hilux za zamani, zile 3L na 5L, na za Isuzu kama 4JA1, zinastahimili umri. Zikipewa oili safi kwa wakati wake, kilomita hizo zinazipita bila kufunguliwa. Gari linalopeleka mzigo Mombasa na kurudi linakula karibu kilomita 240 kwa siku. Likienda siku sita kwa wiki, mwaka mmoja ni kama 75,000, na miaka minne tu ni 300,000. Hizo zote ni za lami, injini ikiwa kwenye joto lake na gia ya tano ikishikwa muda mrefu. Mimi gari la namna hiyo nalipenda kuliko lililotembea 150,000 likibeba mawe kutoka machimboni au chumvi ya Gongoni na Marereni.

Kinachoua pikapu za huku kwetu ni chumvi na mzigo kupita kiasi. Ndiyo maana nashauri ukaguzi uanzie chini, kwenye chasisi, kabla hata boneti haijafunguliwa. Injini mbovu inafanyiwa ovahoo, yaani inafunguliwa yote na kutengenezwa upya, au inatafutwa nyingine Mombasa iliyotumika na kuletwa kutoka nje. Chasisi iliyoliwa na chumvi inakufa pamoja na gari.

Dalili: chasisi imepakwa rangi nyeusi mpya

Rangi mpya chini ya gari kuukuu ina maana mbili. Huenda mwenyewe ni mtu anayelijali gari lake, na kila baada ya muda analiosha na kulipaka dawa ya kutu. Au rangi imepakwa wiki iliyopita kufunika kilichooza. Kwa macho tu hutajua, kwa hiyo njoo na nyundo ndogo, bisibisi na tochi ya simu, na uvae nguo ambazo huzionei uchungu kulala chini.

Anza mbele, karibu na gurudumu la kulia, ugonge fremu polepole ukirudi nyuma. Chuma kizima kinatoa sauti kali inayolia, ting, ting. Ukipita usawa wa kabini ukakaribia pale springi za nyuma zinaposhikwa, sikiliza kama sauti inabadilika ikawa butu. Ikibadilika, simama hapohapo, ukwaruze rangi kwa ncha ya bisibisi. Chini ya rangi utakuta moja kati ya mawili: kutu jepesi la juujuu linalofutika kwa brashi, au magamba yanayobanduka tabaka baada ya tabaka. Magamba maana yake unene wa chuma umepungua. Bisibisi ikizama, kazi imeisha, mshukuru muuzaji uende zako.

Kisha mulika ndani ya fremu kupitia vile vitundu vya pembeni. Kutu la pikapu za pwani huanzia ndani, pale mchanga na matope yenye chumvi vinapotua na kukaa na unyevu mwaka mzima. Ingiza kidole. Mchanga mkavu si tatizo, unaoshwa. Vipande vyembamba vya chuma vilivyochanganyika na mchanga ni tatizo. Sehemu zinazotangulia kuoza ni juu ya ekseli ya nyuma, kishikio cha mbele cha springi za nyuma, mahali kabini na bodi vinapofungiwa kwenye fremu, na ule mwamba wa fremu ulio karibu na gurudumu la akiba.

Magari ya samaki yana alama yake. Maji ya barafu yakichanganyika na chumvi hutiririka kwenye pembe za bodi, hasa za nyuma, na kuishukia chasisi mahali palepale kila siku. Gari linaweza kung'aa mbele kama jipya na nyuma limekwisha. Inua mkeka wa bodi. Kama haung'oki kwa sababu umefungwa kwa skrubu, omba ufunguliwe. Anayekataa kufungua skrubu nne anajua kilicho chini yake.

Ukiwa ungali chini, fuatisha mabomba ya breki yanayopita pembeni mwa fremu hadi nyuma. Chumvi inayokula fremu inakula na bomba hilo jembamba, na likipasuka unabaki na breki nusu. Kubadilisha bomba si kazi kubwa. Ninalolitaka hapo ni ushahidi: bomba lililovimba kutu kwenye gari ambalo chasisi yake ni nyeusi tii linakuonyesha rangi ilipakwa lini.

Dalili: pengo kati ya kabini na bodi halilingani

Simama kando ya gari mbali kidogo, mahali tambarare, utazame lile pengo la wima. Likiwa pana juu na jembamba chini, au kinyume chake, sababu huwa tatu. Raba za kukalia kabini zimekufa, na hizo zinabadilishwa. Bodi limewahi kung'olewa na kurudishwa ovyo. Au chasisi imepinda kwa mzigo, na hapo tafuta alama za kuchomelea au bati la kuongezea karibu na springi za nyuma.

Zitazame na springi zenyewe. Springi za pikapu isiyo na mzigo zinatakiwa ziwe na upinde. Zikiwa zimenyooka, au zimepindukia upande wa pili, gari limebeba kupita uwezo wake kwa muda mrefu. Springi za kuongezwa nimezikuta kwenye magari mengi mazuri, kwa hiyo hizo peke yake hazinitishi. Zikienda pamoja na raba za kugotea zilizopasuka na ekseli inayovuja oili, basi kilomita za gari hilo zihesabu mara mbili.

Dalili: linasumbua kuwaka asubuhi

Kagua injini ikiwa baridi, na kwa hili usikubali kubembelezwa. Fika mapema, na kabla ya salamu kuisha weka kiganja juu ya boneti. Muuzaji akikuambia, "Kaka, nimelipasha kidogo tu usipate taabu ya kungoja," mjibu kwa upole kwamba utarudi kesho alfajiri, na umwombe asiliwashe.

Malindi haina baridi ya kuitesa dizeli, hata Julai wakati wa kusi. Kwa hiyo ugumu wa kuwaka huku kwetu una uzito kuliko ungekuwa nao Limuru kwenye baridi. Injini za zamani zenye chumba cha kando cha kuwashia, kama 3L na 5L, zinahitaji hita plagi, zile zinazopasha chumba hicho, hata mahali penye joto. Ngoja taa yake ya koili kwenye dashibodi izime, kisha washa. Izunguke sekunde moja au mbili ishike.

Isiposhika, tazama eksozi huku stata inazungusha. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda lakini haiungui: shuku hita plagi kwanza kwa kuwa ni rahisi, kisha nozeli zinazopulizia dizeli ndani, kisha kompresheni, yaani mbano wa hewa kwenye silinda. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Bonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli hadi iwe ngumu, ujaribu tena. Likiwaka mara moja, kuna hewa inayoingia mahali fulani, mara nyingi kwenye mpira uliokauka au kwenye chujio lenyewe. Stata ikizunguka kwa uvivu, pima betri na waya zake kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Terminali za betri huku zinaota ukungu wa kijani haraka.

Kwa injini mpya zaidi zenye reli ya pamoja ya dizeli, kama D-4D za Hilux au 4JJ1 ya D-Max, kuwaka kwa tabu mara nyingi ni nozeli zinazorudisha dizeli nyingi tangini, hivyo reli inakosa msukumo wa kutosha. Fundi mwenye vifaa anaunganisha chupa ndogo kwenye bomba la kurudishia la kila nozeli, anaacha injini ingurume kwa muda, kisha analinganisha. Chupa inayojaa kuliko wenzake imeshamtaja mgonjwa. Kipimo hicho kifanywe kabla hujalipa, maana seti nzima ya nozeli hizi inaweza kubadilisha kabisa hesabu ya bei mliyokubaliana.

Huku kwetu yapo na mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi dizeli ya Kenya ilikuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuzima mchezo huo. Mafuta ya taa hayana ulainisho wa dizeli, na pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Gari lililofanya kazi kabla ya hapo mwulize mwenyewe alikuwa akijaza wapi, na kama nozeli zimewahi kubadilishwa.

Dalili: moshi

Moshi mweupe wa dakika moja baada ya kuwasha, ukiondoka, usikusumbue. Ukiendelea injini ikiwa moto, nusa. Harufu kali ya dizeli inayochoma macho ni nozeli, mpangilio wa pampu, au silinda yenye kompresheni hafifu. Moshi mzito kama mvuke, wenye harufu ya utamuutamu, ni maji ya rediata yanayoingia kwenye silinda: gasketi ya hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, au hedi yenyewe ina ufa.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitokea tu pale unapowasha kisha ukakoma, ni sili za valvu zilizochoka, na kwa gari la umri huu unaweza kuishi nao. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni. Kwenye injini yenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, fungua mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini uchungulie ndani. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Oili iliyotuama ni turbo inayovuja sili zake, na shafti yake ikitikisika sana kwa vidole imekwisha.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Ndio unaowatisha watu zaidi, na mara nyingi ndio wenye tiba nyepesi. Fungua kasha la chujio la hewa kwanza. Gari lililokuwa likizunguka Langobaya au Marafa litakuwa na vumbi jekundu la kujaza kikombe. Chujio likiwa safi na moshi bado ni mweusi, endelea kwenye nozeli, mipira ya turbo iliyopasuka, na ile valvu inayorudisha moshi kwenye injini, ambayo huziba masizi.

Dalili za oili na maji

Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa, kwa hiyo weusi usikupe shaka. Rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ndiyo mbaya: maji yameingia. Oili iliyopanda juu ya alama, nyepesi na inayonuka dizeli, maana yake dizeli inavujia ndani, na oili hiyo hailindi beringi tena.

Sasa washa injini, ilegeze mfuniko wa kujazia oili, uugeuze juu chini na kuuacha umekaa mdomoni. Ukitetemeka tu, sawa. Ukirukaruka au ukirushwa, na moshi ukipumuliwa kwa vishindo, kompresheni inapita kando ya ringi. Kilomita zinapoonekana kweli ni hapo, na mita inaweza kusema inachotaka. Ukiona hivyo omba kipimo cha kompresheni cha silinda zote, na kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati yao. Silinda moja iliyoachwa mbali na wenzake inataka injini ifunguliwe.

Kwenye Hilux za D-4D za miaka ya mwanzo, hasa injini ya 1KD ya lita 3.0, kuna ugonjwa unaojulikana. Vikalio vya shaba chini ya nozeli vinavuja, masizi ya moto yanaingia kwenye oili na kuikausha kuwa lami, kisha lami hiyo inaziba chujio la kunyonyea oili lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili ikiwaka kwenye injini hiyo, wengine wameshachelewa. Ukitaka kuinunua, uliza vikalio vilibadilishwa lini, na kama hakuna jibu, weka gharama ya kufungua sampu na kubadilisha vikalio ndani ya bei.

Maji yakaguliwe asubuhi hiyohiyo, injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha rediata. Maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha mtu aliyekuwa akijaza maji ya bomba au ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu vina chumvichumvi. Hayo yanaila hedi na kuziba rediata. Utando wa mafuta juu ya maji, au viputo visivyokoma injini ikinguruma, ni gasketi ya hedi. Shika mpira mkubwa wa juu wa rediata dakika mbili baada ya kuwasha: ukiwa mgumu kama umejazwa upepo huku injini haijapata moto, kompresheni inavujia kwenye maji. Rediata iliyotolewa na kufungwa upya wiki hii nayo ina sababu yake. Iulize.

Uliza pia juu ya mkanda wa taiming, unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni. Hilux za 2L, 3L, 5L na 1KD zinatumia mkanda, na Land Cruiser ya 1HZ vilevile. 4JJ1 ya Isuzu ina mnyororo. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Pasipo risiti, uhesabu kwamba haujawahi kubadilishwa.

Dalili: linatembea lakini halina nguvu

Mji wetu ni tambarare, mlima wa kupima hatuna. Toka barabara ya Sala hadi mahali pasipo magari, weka gia ya nne ukiwa kama kilomita 40 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Tazama vitu viwili kwa pamoja, mwendo na mizunguko ya injini. Mizunguko ikipanda na mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Mizunguko na mwendo vikipanda pamoja lakini kivivu, injini inakosa hewa au dizeli: chujio la dizeli, mipira ya turbo, turbo yenyewe. Injini ikipanda vizuri kisha ikakatwa ghafla na taa ya injini kuwaka, kompyuta yake imejilinda, na fundi mwenye mashine ya kusoma makosa aisome siku hiyohiyo, kabla muuzaji hajaifuta.

Masikio nayo yafanye kazi. Mlio unaopanda unapokanyaga na kubadilika unapoachia ni difu, gia zilizo katikati ya ekseli. Kishindo kimoja cha chuma unapoingia gia au unapobadilisha kati ya kukanyaga na kuachia ni krosi, viungo vya propela shafti inayopeleka nguvu nyuma. Gia inayojitoa yenyewe ukiachia mafuta ni ya kufungua giaboksi. Kuunguruma kunakobadilika unapopinda kushoto au kulia ni beringi ya gurudumu, na hiyo isikuvunjie biashara. Kama ni gari la kuvuta magurudumu manne, liweke kwenye mchanga, ujaribu gia ndefu na fupi, maana mengi yamekaa miaka bila kuguswa na yamegandia.

Dalili: mita na gari havikubaliani

Mita inarudishwa nyuma, hilo sote tunalijua. Tazama raba ya pedali ya klachi, usukani mahali mikono inaposhika, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, na bawaba za mlango huo. Gari la kilomita 120,000 halina pedali iliyolika hadi chuma. Pedali mpya kabisa ndani ya gari kuukuu nayo inakupa jibu.

Gari lililotokea upande wa Tana au Lamu litazamwe pia kwa mafuriko, hasa lililokuwa huko wakati wa mvua za El Niño mwishoni mwa 2023. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho utafute mstari wa matope. Inua zulia chini ya viti. Fungua nati ya difu: oili ya maziwa humo inaonyesha ekseli ilizama.

Karatasi

Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, siku hiyohiyo ya ukaguzi. Jina liwe la anayekuuzia. Dalali anayesema mwenyewe yuko safarini, mngoje mwenyewe arudi. Kama logibuku, hati ya umiliki wa gari, ina jina la benki pamoja na la mtu, deni halijafutwa hadi uone barua ya benki. Linganisha namba ya injini, kwa sababu pikapu nyingi za umri huu zimebadilishwa injini na rekodi haikubadilishwa. Namba ya chasisi isome kwenye chuma chenyewe, ambayo kwa Hilux na D-Max nyingi imegongwa kwenye fremu karibu na gurudumu la mbele la kulia. Kutu likiwa limeshaanza kuila, utahangaika kwenye ukaguzi wa kila mwaka ambao magari ya biashara yanatakiwa kupita.

Mwenye gari ndiye anayeanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Lifanyeni mkiwa mmeketi pamoja, simu mkononi, na sehemu kubwa ya pesa ibaki kwako hadi ombi liwe limeingia.